Sikio la Kushoto la Baba

Shuleni, karibu na Silibwet
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa kaka yangu Okeyo,

Salamu hizi zikupate huko Mulot kabla vumbi la barabara ya Narok halijazipata. Mimi mzima. Chakula ni kile kile, baridi ni ile ile, na Chepkemboi, tunayeketi naye dawati moja, bado anakoroma bwenini na bado anakataa. Nilipoondoka nyumbani Mama alikuwa salama, ila goti linamsumbua akipanda kilima na kikapu chake cha samaki. Amesema ukipata nafasi uende nyumbani ukale, kwa sababu ameota umekonda.

Nina mambo mawili. Kwanza ni insha. Mwalimu Drusilla wa Kiswahili amenichagua niandike kwa niaba ya shule katika shindano. Mada ni namna elimu ya ufundi inavyochangia ajira na uwezo wa nchi kushindana kiuchumi. Wenzangu walicheka, wakasema mada ni kavu kama ugali wa juzi. Mimi niliipenda palepale, kwa sababu nilimwona Baba ndani yake. Nisaidie. Wewe ulisomea ufundi wa mitambo miaka mitatu. Nieleze mlivyofundishwa, mlishika nini, mlitengeneza nini. Usiniambie "ilikuwa sawa tu" kama unavyomwambia Mama.

Pili ni ile fomu ya Baba. Unakumbuka niliijaza likizo ya Aprili, baada ya kampuni kutangaza kwamba kufikia Desemba kila fundi wa kiwanda lazima awe na cheti. Baba amenoa rola za kukatia majani ya chai kwa miaka thelathini na mmoja, lakini cheti pekee alicho nacho ni cha ubatizo. Nilikuwa nimesoma gazetini, maktabani, kwamba siku hizi fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa na kupewa cheti, nikamwambia. Alikataa wiki nzima. "Nipimwe na nani? Na mtu aliyezaliwa nikiwa tayari nanoa?" Mama ndiye aliyemshinda. Alimwambia, "Ukikosa cheti, kazi imeenda. Kazi ikienda, nyumba ya kampuni hapa kambini imeenda. Mimi tangu mashine za kuchuma zije sina jina kwa vitabu vyao. Basi tutalala wapi, ndani ya kikapu changu?"

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Niliijaza kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote na sikuacha nafasi hata moja wazi. Palipouliza kuhusu afya niliandika kwamba sikio la kushoto la Baba halisikii kabisa na la kulia linasikia kidogo, na kwamba jambo hili halimzuii kufanya kazi kwa sababu anazisikiliza rola kwa fimbo. Nilieleza hata fimbo yenyewe: kwamba aliichonga kutoka shina la mchai mzee, kwamba anaweka ncha moja juu ya mashine na nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na akifumba macho anajua ni rola gani meno yake yamechoka. Nadhani wapimaji watapenda kusoma hayo.

Je, fomu imejibiwa?

Mdogo wako,
Ajwang


Mulot
29 Mei 2025

Ajwang,

Barua yako nimeipata leo. Imetembea siku kumi na nane kutoka Silibwet hadi Mulot, safari ambayo ng'ombe mgonjwa angeimaliza kwa siku mbili. Tena imefunguliwa ikagundishwa, kwa hivyo namsalimia pia mwalimu wa zamu anayekagua barua zenu. Shikamoo mwalimu.

Mimi mzima. Sijakonda. Mama aache kuniota.

Huku nachomelea vyuma. Leo geti, kesho jembe la trekta, keshokutwa mwenye ngano analeta mashine ya kuvuna imevunjika na anataka iwe tayari kabla hajamaliza kikombe cha chai. Bosi wangu aliachia darasa la sita na kila siku ananifundisha kitu. Ananiita Diploma. "Diploma, lete nyundo." "Diploma, hiyo si nyundo." Nacheka naye, halafu naleta nyundo.

Kuhusu chuo, andika ama usiandike, shauri yako. Tulikuwa wanafunzi arobaini na wawili na mashine mbili za kukereza chuma. Moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa mpya kabisa, ya kompyuta, imetoka ng'ambo, na ilikaa imefunikwa nailoni miaka yangu yote mitatu kwa sababu stima ya lile jengo haikuitosha na hakukuwa na mwalimu anayeijua. Wageni wakija tulikuwa tunaipanguza vumbi. Nailoni nimeigusa mara nne. Mashine tulizichora. Tukazipaka rangi, tukaziandikia majina ya kila sehemu, tukapewa alama. Mimi nilikuwa wa tatu darasani, na cheti kinasema naweza. Sasa unajua kwa nini husema ilikuwa sawa tu.

Fomu imejibiwa. Mpimaji anakuja kiwandani tarehe 24 Juni. Baba alinipigia simu. Unajua simu zake: anaongea, halafu anakata kabla hujajibu, kwa sababu jibu halisikii. Siku hiyo nitaenda nisimame karibu naye. Akiulizwa swali nitamrudia kwa mikono kama tunavyofanya mezani. Usiwe na wasiwasi.

Okeyo


Shuleni
Jumapili, 15 Juni 2025

Kaka Okeyo,

Mwalimu wa zamu anasema marahaba. Alisema akiwa amekunja uso, lakini alisema.

Sisi tuko wazima. Nimemsomea Chepkemboi mambo ya nailoni na akacheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza, "Lakini huyo kaka yako anacheka kweli?"

Baba yake Chepkemboi ana shamba la chai, la mistari michache tu, upande wa Longisa. Alipokuja kumwona alitueleza jambo ambalo nimeliweka katikati ya insha yangu. Alisema kuna viwanda viwili vinavyonunua majani kwenye kilima kimoja. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, barabara tu imepita katikati. Lakini chai ya kiwanda cha kwanza ikifika mnadani Mombasa inagombewa, na ya kile cha pili inakaa. Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema, "Msichana, ni mtu wa rola. Rola butu zinaponda jani badala ya kulikata. Chai inatoka kama maganda. Mnunuzi wa ng'ambo akiiangalia mara moja anapita."

Basi nimeandika hivi: "Tunaposema nchi yetu inashindana na nyingine, ni watu wachache wanaoshindana, na wengi wao hatuwajui majina. Mmoja wao ni mtu anayenoa meno ya rola katika kiwanda kilicho mlimani. Akikosea yeye, mkulima aliyechuma majani mawili na chipukizi lake tangu alfajiri amechuma bure, na meli inabeba takataka zetu hadi kwa wageni. Je, tunamfundisha nani kazi hiyo, na kwa mashine ipi?" Mwalimu Drusilla ameweka alama ya vema pembeni. Sijamwandika Baba kwa jina. Nimeandika "fundi mmoja ninayemjua".

Unakumbuka tulipokuwa wadogo tukimpelekea chakula cha mchana? Mlango wa chumba cha rola ukifunguliwa kelele ilikuwa inanipiga kifuani na nilikuwa nalia. Wewe ulikuwa unaniziba masikio kwa viganja vyako, na wewe mwenyewe unabaki bila kuzibwa. Baba hakuwa amezibwa pia. Miaka hiyo nadhani hakuna aliyezibwa.

Tarehe 24 nitaomba dua kuanzia somo la kwanza. Hakikisha fimbo ya Baba haisahauliki nyumbani.

Ajwang


Kambini, nyumbani
10 Julai 2025

Ajwang,

Hapa wote wazima. Mama anakusalimu. Mvua imepungua. Paka amezaa watatu.

Mtihani ulifanyika. Mpimaji anaitwa Mokaya, mtu mpole, koti lake limejaa grisi kwa hivyo nilimwamini. Baba alinoa rola mbele yake kwa saa tatu. Wakati wa kusikiliza ulipofika alitoa fimbo, na Mokaya akaomba ajaribu. Akasikiliza muda mrefu, akasema, "Mzee Ogola, mimi nasikia kelele tu." Baba alicheka. Sijamwona akicheka hivyo.

Mimi niko nyumbani kwa muda. Nimepata kazi kiwandani. Baba anapumzika kidogo.

Soma kwa bidii.

Okeyo

Kwa insha yako, mambo ya fomu usiyaweke.


Shuleni
Jumapili, 20 Julai 2025

Kaka Okeyo,

Salamu kwako, kwa Baba, kwa Mama na kwa wale paka watatu.

Barua yako nimeisoma mara sita kwa sababu ni fupi. Umeniambia kwamba koti la mpimaji lilikuwa na grisi, lakini hujaniambia kama Baba alifaulu. Umeniambia umepata kazi, lakini hujasema kazi gani, wala kwa nini uliacha Mulot ambapo ulikuwa unachekeshwa. Na Baba kupumzika! Baba hata Krismasi hapumziki. Ana kifua? Ni lile sikio la kulia?

Insha yangu imekuwa ya kwanza katika eneo bunge letu. Mwezi wa tisa nitaisoma Bomet mbele ya watu. Unajua nisivyoweza kusimama mbele ya watu. Mwalimu Drusilla amesema nimtazame mtu mmoja tu katika umati na nimsomee yeye. Nataka Baba aje awe mtu huyo. Hata asiposikia ataona mdomo wangu.

Kwa nini nisiweke mambo ya fomu? Ndiyo sehemu nzuri. Nimeandika kwamba elimu ya kweli inaweza kukaa mikononi mwa mtu miaka thelathini na kusubiri karatasi. Nijibu haraka, tunafunga shule tarehe mosi.

Ajwang


Kambini
28 Julai 2025

Ajwang,

Barua hii nampa baba yake Chepkemboi anipelekee, posta nimechoka nayo.

Mkifunga Ijumaa usishukie Kericho. Pitiliza hadi Sondu. Mama atakuwa hapo stendi. Yeye na Baba wamehamia Nyakach, kwa shangazi yetu, Waya Beldina, kwa sasa.

Baba alifaulu. Mengine utayaona huko.

Hongera kwa insha. Nimewaambia wote hapa kiwandani. Kimeli, yule msimamizi wa karakana, amesema ukiwa waziri umkumbuke.

Okeyo


Nyakach
7 Agosti 2025

Kaka Okeyo,

Waya Beldina anakusalimu na kuuliza kama umeoa. Mama anakusalimu. Baba nilimwambia nakuandikia na akainua mkono. Mama ana simu na ningeweza kukupigia, lakini kuna mambo siwezi kuyasema Mama akiwa karibu, na nyumba hii ina chumba kimoja.

Nimezaliwa kambini, na wewe pia. Huku tulikuwa tunakuja matanga na Krismasi. Sasa nikienda kuteka maji watoto wanasema, "Wale wa chai wamekuja." Joto haliishi. Mama anauza samaki mahali ambapo kila mtu ana samaki.

Baba anaketi nje tangu asubuhi, fimbo mapajani. Juzi nilimsindikiza kusaga mahindi. Tulipofika kwa kinu akaweka fimbo juu ya mashine, akafumba macho, halafu akamwambia mwenye kinu kwamba beringi ya ndani inakufa. Yule kijana akawaambia wateja, "Mzee amekuja kupima mashine presha." Wote wakacheka. Baba hakusikia kicheko. Aliona meno yao, na yeye pia akacheka kwa heshima. Jana kinu kimesimama. Leo kijana amekuja na pikipiki kumuuliza ni beringi ipi.

Kaka, nimeona cheti. Kiko ndani ya Biblia, kimekunjwa mara moja tu ili kisiharibike. Kina jina lake lote na muhuri. Sasa nieleze. Kampuni ilitaka cheti na Baba amekipata. Mbona yuko hapa? Nilimuuliza Mama akasema ni umri. Baba ana miaka hamsini na minne. Nilimuuliza Baba, nikaandika swali kwenye daftari ili asiseme hakusikia. Alilisoma akasema, "Nyathina, mwanangu, mwandiko wako umezidi kuwa mzuri." Akanirudishia daftari.

Wewe kazi yako ni gani huko kiwandani? Jibu hilo moja tu, nitaelewa mengine.

Ajwang


Kambini
14 Agosti 2025

Ajwang,

Salamu kwa wote. Hapana, sijaoa, mwambie Waya.

Nimeanza barua hii mara tatu. Baba alinikataza kukwambia, na ninamvunjia neno. Lakini wewe huachi. Ukiona nafasi wazi unaijaza.

Mimi ndiye mtu wa rola.

Fomu kabla ya kwenda kwa wapimaji ilibidi igongwe muhuri na mwajiri. Ilipita ofisi ya wafanyakazi, na huko wakaisoma yote, kurasa sita. Walifika pale kwa afya. Hakuna aliyesema kitu kabla ya mtihani. Baba akafaulu, Mokaya akaandika hajaona mikono kama ile. Wiki iliyofuata aliitwa kwa daktari wa kampuni, akapimwa masikio kwa mashine, na akaambiwa mtu asiyesikia haruhusiwi chumba cha rola, ni sheria ya usalama, anaweza kupigiwa kelele ahame asisikie. Wakamshukuru. Wakampa mwezi mmoja wa kutoka kwenye nyumba ya kampuni.

Miaka kumi na mitano kila mtu pale alijua hasikii. Kimeli alijua. Meneja aliyepita alijua. Wote walikuwa wanamgusa bega na kumwonyesha kwa mikono. Haikuwa imeandikwa mahali popote, basi.

Nafasi ikatangazwa: diploma ya ufundi wa mitambo. Baba mwenyewe ndiye aliniita kutoka Mulot. Alisema ni afadhali kazi ibaki kwetu. Wamenipa kitanda katika chumba cha wanaume wasio na familia.

Siku ile ya barua ya kuachishwa, Mama aliuliza nani alikutuma uandike mambo ya sikio. Baba alimfunga mdomo. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyosema: "Mtoto ameandika ukweli. Msimwambie. Akijua, hatajaza fomu nyingine maisha yake yote, na huyu ndiye wa kujaza fomu katika nyumba hii."

Sasa umejua. Usijichukie. Mimi nina yangu mabaya zaidi. Kabla ya kuhama, Baba alikuja karakana siku tatu anionyeshe kunoa. Kimeli alimfungulia mlango kwa siri. Wenzangu walikuwa wanatazama, vijana wenye vyeti kama mimi, na mmoja akasema, "Diploma anafundishwa na kiziwi." Kila Baba alipoweka mkono wake juu ya mkono wangu niliutoa. Nilimwambia kwa ishara, "Najua, najua." Siku ya tatu aliondoka mapema.

Sijui, Ajwang. Nanoa kama nilivyochora. Wiki hii chai yetu imerudi na maneno kutoka mnadani: jani limepondwa, rangi hafifu. Meneja aliniita akaniuliza, "Baba yako alikuwa anafanyaje?" Nikasema nitamuuliza. Kimeli aliomba Baba aletwe hata kama kibarua wa siku mbili anielekeze, ofisi ikasema sheria ni sheria. Wamenipa hadi mwisho wa Septemba.

Usimwonyeshe Baba barua hii.

Okeyo


Shuleni
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kaka Okeyo,

Nimechelewa kukujibu. Wote Nyakach niliwaacha wazima. Kinu cha mahindi kinasaga, na yule kijana sasa anamwita Baba "Daktari", na kila akipita anamwachia unga kidogo.

Barua yako niliisoma nyuma ya nyumba ya Waya, halafu nikaenda mtoni nikakaa huko mpaka Mama akatuma mtu. Sikumwambia Mama kwamba najua. Sikumwambia Baba. Chakula kilipoletwa Baba alinisogezea kichwa cha samaki kama kawaida, na mimi nikakila kama kawaida. Hatukutazamana sana.

Insha nimemrudishia Mwalimu Drusilla. Nimemwomba shule isimamishe mtu mwingine Bomet.

"Unaogopa watu?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ina kosa."

"Nimeisoma mara nne. Kosa liko wapi?"

Niliomba niruhusiwe kwenda darasani. Kosa lenyewe ni kwamba niliandika kana kwamba karatasi na mikono ni watu wawili waliokuwa wanatafutana, na wakikutana tu nchi itasonga mbele. Sikujua kwamba kuna ofisi katikati.

Pamoja na barua hii kuna daftari. Baba yake Chepkemboi atakukabidhi mkononi. Usilifungulie karakana mbele ya wale vijana kama hutaki, lakini lifungue.

Siku tisa za mwisho za likizo nilimwambia Baba kwamba nahitaji kujua kazi ya rola kwa ajili ya insha. Huo ni uongo, na ni mara yangu ya kwanza kumwandikia Baba uongo kwenye daftari. Aliutazama muda mrefu. Nadhani alijua, lakini alisema, "Kaa hapo." Alianza na kufungua rola, na jinsi ya kuiosha kabla ya kuiweka kwenye mashine ili usinoe uchafu ukadhani unanoa chuma. Utaona amesema mara ngapi ukate kidogo kidogo, na usubiri chuma kipoe, na kwamba mtu mwenye haraka anapata jino zuri kwa macho na bovu kwa jani. Nilimchorea rola akazikataa zote, akachora yeye. Michoro hiyo ni yake. Kalamu ilimsumbua kuliko chuma. Mahali alipoandika "Okeyo hapa kidole gumba" ni maneno yake mwenyewe. Sikumtajia jina lako hata mara moja.

Kuhusu zile siku tatu, hajasema chochote. Nilitaka nikwambie hilo ili usidhani amenilalamikia.

Siku ya mwisho tulifika kwenye kusikiliza. Nilikuwa naandika mezani na Baba ameketi upande wa pili. Aliweka ncha ya fimbo juu ya meza na nyingine nyuma ya sikio lake la kushoto. Nilidhani ananionyesha jinsi ya kushika. Kumbe alikuwa anasikiliza kalamu yangu. Alifumba macho akasema, "Unaandika haraka sana. Mtu mwenye hasira huandika hivyo."

Nikapunguza mwendo.

Nikaandika swali: Baba, rola iliyo kali inalia vipi?

Akafikiri. Akasema inalia kama… Akajaribu tena: si kama nyuki, si kama mvua kwa bati, watu husema hivyo lakini si hivyo. Akaweka kiganja kifuani, akakitoa. Akaanza kuguna kwa koo kutafuta ile sauti, na unajua yeye hajui tena sauti yake inatokaje, ilitoka kubwa, kuku wakakimbia, Waya akatoka jikoni kuona nani anaumia. Baba akaacha. Akasema, "Imeanza kunitoka. Hapa hakuna rola ya kunikumbusha."

Kaka, ukurasa huo ni wa arobaini na moja. Juu nimeandika, "Sauti ya rola iliyo kali." Chini yake hakuna kitu. Nimepaacha hivyo, hadi mwisho wa ukurasa.

Nilipofika hapo nilisimamisha kalamu. Machozi yalikuwa yanadondoka mezani, na nilijua Baba amefumba macho, kwa hivyo sikuyafuta. Fimbo ilikuwa bado juu ya meza.

"Mbona umeacha kuandika?" akaniuliza.

Nikajifuta uso, nikamgusa mkono, na alipofumbua macho nikamwonyesha kwa vidole kwamba wino umeisha. Akaitikia kwa kichwa. Hakuiondoa fimbo.

Ajwang